Jeneza Halipitishwi Dirishani

Kisu chake ndicho ninachokikumbuka kwanza, na hadi leo kinanichefua. Kilikuwa kisu kidogo cha mpini mweusi, kimefungwa uzi pale mpini ulipopasuka. Kwa kisu hicho alikatia karatasi, alifungulia bahasha, alikwangulia wino uliokauka kwenye printa na kujisafishia kucha. Ikifika saa saba alikipangusa kwenye suruali, akakatia parachichi. Nusu ilikuwa yake, na nusu nyingine alininyoshea mimi. Kwa miaka tisa nilimwambia nimeshiba.

Mtu huyo, mwenye kisu kimoja cha kazi zote, ndiye aliyetuhubiria kila siku kwamba kila kazi ina chombo chake.

Ghorofani kwetu walimwita Editor. Mimi nitamwita Mhariri. Alichapa wasifu wa marehemu, vile vijitabu vinavyogawiwa mazishini, vyenye picha ya mtu akitabasamu kwenye jalada, ratiba ya ibada, nyimbo tatu, na maisha yake tangu ubatizo hadi ugonjwa. Duka lilikuwa chumba kimoja, ghorofa ya nne, katika jengo la upande wa River Road, katikati ya mshona suti na wasusi wawili. Mimi nilikuwa mpanga kurasa wake. Alizaliwa wapi na wazazi wake ni akina nani sitasema, kwa kuwa hayo yamo kwenye wasifu wake mwenyewe, ambao niliuchapa mimi, na umekaa vizuri. Hapa naandika yasiyokuwamo. Kuna jambo moja hasa, limenikaa kooni miaka sita: siri ya familia ilimwagika dukani kwetu, watu wakaambiwa aliyeimwaga ni mimi, ilhali si mimi.

Lakini nisimtie tope kabla sijasema wema wake. Kazi aliijua, na alinifunza kila ninachokijua. Hakupenda maneno ya kukodi. Mtu akimletea rasimu iliyoandikwa kwamba marehemu "amepandishwa cheo mbinguni", aliivua miwani na kuuliza kwa upole, "Na hiyo promotion alisaini nani?" Wafiwa wengine walikasirika. Wengi walicheka, kicheko chao cha kwanza baada ya siku nne, kisha wakakaa chini na kueleza marehemu alikuwa mtu wa namna gani, alipenda nini, aligombana na nani. Hapo ndipo alipoanza kuandika.

Siku moja wazazi vijana kutoka mtaa wa Kilimani walileta wasifu wa mtoto wao wa miezi kumi na mmoja. Mistari minne. Mimi, mjuaji, nikaanza kutafuta shairi na maua ya kujazia ukurasa. Mhariri alinishika mkono uliokuwa kwenye kipanya.

"Wacha, msichana. Usijaze. Hiyo nafasi nyeupe ndio maisha yenye hakuishi."

Tuliichapa hivyo, mistari minne na karatasi nyeupe chini yake. Yule mama aliipitishia kiganja mara kadhaa kama anayepangusa vumbi. Nilimpenda Mhariri siku ile, na ndiyo sababu yaliyofuata yalinichukiza zaidi.

Alikuwa na kanuni mbili ambazo hata kiongozi wa kanisa hangeweza kuzipinda. Ya kwanza, kurasa zote husainiwa kwa kalamu na mkuu wa familia kabla ya kuchapwa, na karatasi isiyo na sahihi haiingii kwenye printa. Ya pili, kazi ikiisha rasimu zote hufutwa kwenye kompyuta mbele ya mwenyewe, yeye akitazama kwa macho yake. Kanuni hizi hazikuwa za maringo. Mtu asiyejua mazishi yetu anaweza kudhani wasifu ni karatasi tu. Sivyo. Wasifu ndiyo mahakama ya mwisho ya ukoo. Nani ameandikwa mke, nani ameandikwa mtoto, nani ametangulia na nani ameachwa nje, hayo yakishachapwa na kusomwa mbele ya watu mia nne na mchungaji, yamekwisha. Ndiyo maana kila rasimu iliyopita mezani kwetu ilikuwa na moto ndani yake. Familia zilikuwa zikibishana sebuleni, mitaa ya Spring Valley au Parklands, nasi tulishika matoleo yote mawili ya ubishi wao, tukingoja wazee wakae waamue.

Kwa hiyo kutuma faili kwa mteja kulikuwa ibada. Alikuwa na programu ya zamani ya kuhamishia mafaili, sura yake ya kijivu, vitufe viwili tu, Tuma na Pokea. Mteja alipaswa kuwa na programu hiyohiyo. Mhariri alichagua faili moja, akampigia simu na kumtajia neno la siri kwa mdomo, faili likaenda, naye akaifunga programu na kuchomoa waya wa intaneti. Aliyeshindwa kuweka programu ile alipanda ngazi mwenyewe na flash yake mkononi.

Mimi niliona ni upuzi, na nilisema hivyo bila kuficha. Nilikuwa nikimsikia mjane akilia kwenye simu huku Mhariri akimwelekeza namna ya kuweka programu, bonyeza hapa, sasa kubali, sasa zima uwashe tena, na damu ilinichemka. Brauza, programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kila mtu anayo, hata kwenye simu ndogo. Kama inaweza kupeleka faili yenyewe, mfiwa anateswa na programu ya pili kwa sababu gani?

"Browser ni dirisha," alinijibu. "Dirisha ni ya kuangalia nje. Ushawahi kuona watu wakitoa jeneza kwa dirisha? Jeneza inapita kwa mlango. Na ikishapita, mlango unafungwa."

"Editor," mshona suti aliingilia kutoka kizingitini, sindano mdomoni, "kwa plot yenye naishi ngazi ni nyembamba. Kuna mtu alikufa, tukamtolea kwa dirisha."

"Na majirani walifanya nini?"

"Walitoka wote kuangalia."

"Basi," Mhariri alisema, akarudi kwenye kazi yake.

Tulibishana hivyo kwa miezi, ghorofa nzima ikisikia. Wasusi walikuwa upande wangu, mshona suti upande wake. Kisha asubuhi moja brauza ilijisasisha yenyewe, ikatuletea kitufe kipya pembeni kilichoandikwa Shiriki. Ukikibonyeza, kilikupa linki, na yeyote mwenye linki aliingia moja kwa moja kwenye kompyuta yako akachukua alichokuta. Kiliuliza swali moja tu, faili hili au folda nzima, na alama ya tiki ilikuwa imeshawekwa kwenye folda nzima. Nilimwonyesha kwa furaha. Aliitazama ile tiki kwa muda, uso umekunjamana kama aliyekuta unywele kwenye uji.

"Muuza mandazi," alisema, "akianza kupima mafuta taa kwa mkono huohuo, wewe utakula?"

Nilitamani kumwonyesha kisu chake. Badala yake nikakizima kitufe kwenye kompyuta zote mbili huku akitazama.

Sasa niseme lililotokea. Kulikuwa na mzee wa Spring Valley, mwenye nyumba za kupangisha, aliyefariki akiacha mke nyumbani na mke mwingine upande wa Kinoo, aliyekuwa amekaa naye miaka ishirini na kumzalia watoto watatu. Mwana mkubwa wa nyumba ya kwanza alitaka yule mama wa Kinoo aandikwe "rafiki wa familia". Mama mwenyewe aliomba neno moja tu, mke. Wazee wangeketi Alhamisi kuamua. Mhariri alitayarisha rasimu mbili, moja kwa kila neno, akaziweka kwenye folda moja pamoja na ratiba ya ibada, akasubiri sahihi.

Jumanne alasiri mwana mkubwa alisimamisha gari chini ya jengo na kupiga simu. Alitaka ratiba tu, ya kumwonyesha mchungaji, na kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu hakuwa mtu wa kupanda ngazi, wala hakuwa na ile programu ya kijivu. Mhariri naye alikuwa na goti baya. Mimi nilikuwa Parklands, nimetumwa kwa dada wa marehemu kuchukua picha ya jalada. Niliporudi, kitufe cha Shiriki kilikuwa kimewashwa kwenye kompyuta yake, si yangu, na kando yake kikombe chake cha chai, kimepoa, kina utando juu. Alikuwa amemtumia yule mwana linki. Tiki ilikuwa kwenye folda nzima. Yule mwana, bila kuangalia ndani, aliitupa linki kwenye kundi la simu la kamati ya mazishi, kwamba ratiba ni hii. Na kwenye kundi hilo alikuwamo binti wa yule mama wa Kinoo.

Alifungua, akasoma rasimu zote mbili. Akamsomea mamake.

Kikao cha Alhamisi hakikufanyika. Upande wa Kinoo, kwa kuona "rafiki wa familia" imeshapangwa tayari kuchapwa, waliamini neno limeshaamuliwa bila wao. Upande wa Spring Valley waliona aibu, na aibu ikawafanya wakali. Siku ya maziko wale watoto watatu walisimama langoni, mdogo akiwa amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake nyeusi pekee, na hawakuruhusiwa kumwagia baba yao udongo.

Aliyeweka ile tiki kwenye folda nzima, sijui anaishi nchi gani wala anakunywa kahawa gani. Ningependa asimame kwenye lango lile saa moja tu. Bado naamini hoja yangu, kwamba mfiwa hapaswi kuteswa na programu mbili pale moja ingetosha. Lakini kuna tofauti kati ya kumfungulia mtu mlango na kumng'olea ukuta, na waliotengeneza kitu kile waliijua tofauti hiyo, wakachagua kilicho rahisi kwao. Wananichefua. Hata hivyo hao siwajui. Ninayemjua ni Mhariri.

Jumatatu baada ya maziko, binti wa Kinoo alipanda ngazi akiwa na wajomba wawili. Hakupiga kelele.

"Nani alituma hiyo kitu?" aliuliza.

Ilikuwa saa saba. Mhariri alikuwa na parachichi mkono mmoja na kisu mkono mwingine. Akaninyoshea mimi kile kisu.

"Mambo ya computer ni ya huyu msichana," alisema. "Nilimkataza hiyo browser. Uliza hapa floor yote."

Na ghorofa yote iliulizwa, na ghorofa yote ilikumbuka kweli kwamba msichana ndiye aliyeipigia debe brauza. Wasusi walitazama chini. Mshona suti alitikisa kichwa kwa huruma, na huruma yake iliniuma kuliko tusi. Nilisema sikuwako, nilikuwa Parklands. Binti yule akasema, "Sister, ungetumia tu flash." Wakashuka.

Nilifunga mlango.

"Mzee, unajua si mimi."

"Najua."

"Sasa kwa nini?"

Alikata parachichi, akatoa kokwa. "Mimi watasema nimezeeka, na duka itaisha. Wewe uko young. Watu watasahau."

Hawakusahau. Mazishi yana kamati, kamati zina watu walewale, na watu walewale wana midomo. Niliacha kazi baada ya wiki sita, nikaanza kuchapa nikiwa kwenye chumba kimoja huko Parklands, na kwa miaka niliulizwa na wateja, kwa heshima, kabla hawajakaa, "Si ni wewe ulikuwa kwa Editor? Yule wa link?" Baadhi waliaga papo hapo. Nilijifunza kusema ndiyo, ni mimi, na kueleza kanuni zangu, yaani kanuni zake. Najichukia kwa hilo pia.

Yeye alisifiwa zaidi. Aligeuka kuwa mzee aliyewaonya vijana. Niliwahi kumsikia, kwenye harambee ya kanisa moja, akiieleza meza nzima habari ya jeneza na dirisha, watu wakijipiga mapaja kwa kicheko. Aliniona, akanipungia mkono kwa furaha ya kweli. Hilo ndilo lililonishinda kabisa, kwamba hakuwa na hila usoni. Alikuwa ameshaamini.

Mwezi mmoja kabla hajafa, binti yake alinipigia simu. Mzee alikuwa mgonjwa, anakaa kwake Kilimani, anataka nimchapie wasifu. "Anasema hakuna mwingine anajua kazi," alisema. Nilitaka kukataa. Niliposhusha simu, ujumbe wa Mzee mwenyewe ulikuwa umeshaingia: *Msichana, nimekutumia. Fungua.* Chini yake linki.

Linki ya brauza. Nilicheka peke yangu, kicheko kibaya. Goti, ugonjwa, uzee, sawa, lakini programu yake ya kijivu aliitupa wapi? Nikabonyeza, na mbele yangu hakukufunguka faili moja. Ilifunguka folda nzima. Alikuwa amerudia kosa lilelile, na tiki ileile.

Mlikuwa na rasimu nne. Nilizisoma kwa mpangilio. Katika ya kwanza, baada ya habari za kazi yake, kulikuwa na aya ya mistari mitano: siku ya familia ya Spring Valley ni yeye aliyekiwasha kitufe, msichana alikuwa Parklands, naye alinyamaza kwa kuogopea jina lake. Aliandika, "Namwomba msamaha, na watoto wale watatu pia." Katika ya pili aya hiyo ilikuwa mistari mitatu, na watoto wameondoka. Katika ya tatu ilikuwa sentensi moja: palitokea hitilafu ya mitambo. Katika ya nne iliandikwa hivi: "Kwa miaka yote ya kazi yake, hakuna siri ya familia iliyowahi kutoka mkononi mwake."

Nilichapa ya kwanza na ya nne, nikaenda Kilimani.

Alikuwa kwenye kochi, shuka magotini, amekonda hadi miwani inateleza. Nje walikuwa wakijenga ghorofa jingine na vigae vilitetemeka. Kisu kilikuwa kwenye sahani, kando ya parachichi. Nilimsalimia, tukaulizana habari za nyumbani, kisha nikaweka zile nakala mbili mezani, moja upande huu na nyingine upande ule, na kalamu katikati, kama alivyonifunza kuwawekea familia zinazobishana.

Aliitambua ya kwanza kabla hajaishika. Alitazama laptop yake, akanitazama mimi.

"Hiyo umeitoa wapi?"

"Ulinitumia folda yote, Mzee."

Aliirudisha miwani juu ya pua. Nilisikia nyundo za wajenzi, nikazihesabu bila kutaka.

"Hiyo niliandika nikiwa na homa," alisema mwishowe.

"Lakini ni kweli."

"Ni kweli." Aliivuta ile ya nne. "Lakini wajukuu wangu watakuwa wamekaa kwa front, msichana. Wewe unajua vile hii kitu inasomwa."

Najua. Kurasa saba za ile ya nne alizisaini moja moja, polepole. Alipomaliza akanirudishia kalamu.

"Hizo zingine futa," alisema. "Hapa, nikiona."

Nilivuta laptop. Ningeweza kukataa. Ningeweza kusema ndiyo na kubakiza nakala kwenye simu yangu, na nakiri nililifikiria, kidole kikiwa hewani. Lakini ni familia ngapi nimezipa kiapo hicho, na wangapi wamelala wakijua nimefuta kweli? Nilifuta ya pili. Nikafuta ya tatu. Nilipofika kwenye ya kwanza nilimtazama, nikampa muda. Alikuwa anamenya parachichi. Nikaifuta. Nikakizima na kile kitufe, na ile karatasi ya kwanza niliyoichapa nikaichana mbele yake, vipande vidogo. Alikipangusa kisu kwenye shuka na kuninyoshea nusu. Nilimwambia nimeshiba. Nilikuwa na njaa tangu asubuhi.

Siku ya maziko niligawa vile vijitabu mlangoni mwa kanisa mimi mwenyewe. Mjukuu wake alisoma kwa sauti nzuri, na alipofika kwenye ile sentensi ya siri za familia watu walitikisa vichwa na kuitikia, kweli, kweli. Mshona suti aligeuka akanitafuta kwa macho, kisha akatazama kando haraka, kama mtu aliyejutia kukumbuka. Nilikaa benchi la nyuma, nikageuza kurasa pamoja na wengine. Hakukuwa na kosa hata moja la chapa.

Haya niliyoyaandika hapa hakuyaona, na wala hakuyasaini. Kwa kanuni yake, hayafai kuchapwa.